Ugonjwa wa Kudumu: Tafuta Mwenzio

Kabla hatujaanza somo letu chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu kidogo. Mwaka una siku 365 na siku ina saa 24. Zidisha. Umepata saa 8,760. Sasa tuseme una ugonjwa ambao hautaisha mwezi ujao wala mwaka ujao, kama vile selimundu, kisukari, kifafa, pumu au maambukizi ya VVU. Unakwenda kliniki mara moja kila mwezi, na siku ukibahatika unakaa na daktari au nesi nusu saa nzima. Kwa mwaka mzima ni saa 6. Ukizitoa, zinabaki saa 8,754.

Saa hizo zote uko na ugonjwa wako bila daktari. Ni saa za darasani, za shambani, za njiani kurudi nyumbani, na za usiku maumivu yanapoanza na kila mtu amelala. Je, nani atakufundisha namna ya kuishi saa hizo? Wazazi watajitahidi, lakini wengi wao hawaujui ugonjwa huo kutoka ndani. Anayeujua ni kijana mwenzio aliye nao. Leo tutazungumza juu ya kumpata mwenzio huyo, awe kijiji cha pili au awe mkoa mwingine kwenye simu, na namna ya kusaidiana naye bila kuingizana kwenye matatizo.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika sana ni watoto wapatao 11,000 kwa mwaka, yaani kama 30 kila siku. Zamani wengi walikufa wakiwa wadogo. Siku hizi wanazidi kukua, wanafika sekondari, na wengine wako darasani kwako hata kama hawajakuambia.

Mundu kwenye damu

Wewe unayesoma gazeti hili hapa Mwamkulu huhitaji kuelezwa mundu ni nini. Unaushika kila msimu wa kuvuna mpunga. Chembe nyekundu za damu ya mtu wa kawaida ni za mviringo, kama kitumbua kilichobonyea katikati, na ni laini, kwa hiyo zinapita hata kwenye mishipa myembamba sana. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo zikikosa oksijeni ya kutosha, au maji yakipungua mwilini, hupinda kama mundu na kuwa ngumu. Hapo hunasa kwenye mishipa midogo. Umewahi kuona majani yakiziba mfereji wa maji shambani? Majaruba ya mbele hukauka. Ndivyo inavyokuwa: sehemu ya mwili ambayo damu haifiki huuma, na huuma vibaya mno, iwe mifupani, mgongoni, kifuani au tumboni.

Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ile iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja, kulala chumba kimoja wala kupeana mikono. Mtu huzaliwa nao baada ya kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima kabisa. Na wala si uchawi. Mambo ya kurithi utayasoma kwenye baiolojia, kwa hiyo tusiyachelewe hapa.

Maswali ambayo hayaulizwi kliniki

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha tatu. Kliniki wamemwambia anywe maji mengi, aepuke baridi, asijichoshe kupita kiasi, ameze vidonge vya foliki asidi, alale kwenye chandarua chenye dawa, na homa ikipanda aende hospitali upesi. Huo ni ushauri safi na kila neno ni la kweli. Lakini hebu afike nao shuleni!

Kunywa maji mengi maana yake ni kutoka darasani kwenda chooni mara kwa mara. Mwalimu wa kwanza atamruhusu, wa pili atamwambia anasumbua. Kuepuka baridi maana yake ni kuvaa sweta asubuhi za Juni na Julai wenzake wakiwa kwenye mchakamchaka. Kutojichosha maana yake ni kukaa kivulini wenzake wakibeba maji ya kumwagilia bustani ya shule, huku wanamwita mvivu. Daktari hakumwambia amjibu nini kiranja wa zamu.

Hayo ni mepesi. Yapo mazito zaidi ambayo kijana hawezi kuyatamka mbele ya mama yake, na mimi nitayataja waziwazi kwa sababu ukimya ndio unaoumiza watu.

La kwanza ni kukojoa kitandani. Figo za mwenye selimundu mara nyingi hushindwa kuubana mkojo ukawa mchache na mzito, kwa hiyo mkojo huwa mwingi hata usiku. Wapo vijana wa miaka 14 na 15 wanaolowesha godoro bwenini na wanadhani wamerogwa au wana akili za kitoto. Kumbe ni ugonjwa uleule.

La pili ni kuchelewa kukua. Wavulana na wasichana wenye selimundu mara nyingi huchelewa kubalehe kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Msichana anafika miaka 16 hajavunja ungo, mvulana sauti bado nyembamba, na wenzao hawana dogo. Kwa wengi wao mabadiliko hayo huja, ila yanakuja baadaye.

La tatu linawahusu wavulana. Uume unaweza kusimama wenyewe, bila hamu yoyote, ukauma na kukataa kulala. Chanzo ni damu kunasa, kama ilivyo kwenye mifupa. Kijana anajificha kwenye blanketi kwa aibu hadi asubuhi. Nisikilize vizuri hapa: hali hiyo ikipita saa 2, nenda hospitali, iwe usiku iwe mchana, na useme wazi kwamba una selimundu. Ikifika saa 4 na kuendelea, inaweza kuharibu uume kwa maisha yako yote. Hospitalini wanaijua hali hiyo na hawatakucheka.

Sasa jiulize. Yule msichana wetu, au mvulana huyu, angemwuliza nani? Tuseme amepata namba ya dada mmoja wa miaka 22 mwenye selimundu pia, anayeishi mkoa mwingine. Angeweza kuandika hivi:

“Dada shikamoo. Samahani naomba nikuulize kitu, usimwambie mtu.”

“Marahaba mdogo wangu. Uliza tu.”

“Nina miaka 16 sijavunja ungo. Wenzangu wananicheka. Ni huu ugonjwa au nina tatizo jingine?”

“Pole sana. Mimi nilivunja ungo nina miaka 17 na nusu, nililia sana kabla. Nesi alinieleza kwamba sisi miili yetu huwa inachelewa. Lakini kwako siwezi kujua, wewe sijakupima. Kliniki ijayo mwambie nesi akuangalie. Ukiona aibu kusema, andika kwenye karatasi umpe mkononi. Mimi ndivyo nilivyofanya.”

Soma tena hayo majibu manne ya moyo, maana ndani yake lipo somo zima. Dada hakucheka. Alitoa habari yake mwenyewe, ambayo daktari hana. Alikataa kujifanya daktari. Kisha akamrudisha mwenzake kliniki, tena akampa na mbinu ya kufika pale bila kufa kwa aibu. Msaada wa mwenzio ukiwa na mambo hayo, ushike sana. Ukikosa hata moja, kuwa macho.

Walioanza kabla ya simu

Usidhani kusaidiana huku kumeletwa na intaneti. Mwaka 1987 jijini Kampala, mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba, aliyekuwa mtaalamu wa viungo, alifiwa na mumewe kwa UKIMWI. Wakati ule Uganda hapakuwa na dawa ya kupunguza makali ya virusi, na wagonjwa walitengwa hata na ndugu zao. Yeye pamoja na wenzake wachache, wengi wao wakiwa wenyewe wameambukizwa, walianza kukutana, kufarijiana na kutembeleana. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la TASO, ambalo baadaye lilihudumia watu kwa maelfu. Huku kwetu Dar es Salaam, mwaka 1989, Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Ukilitazama jina hilo utaona linawahesabu wagonjwa, ndugu zao na marafiki zao wote kuwa wako kwenye mapambano mamoja.

Jambo linalonigusa mimi kwenye historia hii ni kwamba watu wale hawakuwa na dawa ya kupeana. Walichokuwa nacho ni chai, maneno, na kujua nani ana watoto wa kutazamwa akizidiwa. Hata hivyo watu walikuja, na waliendelea kuja.

Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, baadhi ya watu walifikiri kazi ya vikundi imekwisha. Haikwisha. Kumeza kidonge kila siku miaka yote ni kazi ngumu, na kwa kijana ni ngumu zaidi. Mwaka huohuo wa 2004, mjini Harare, vijana wanaoishi na VVU walianza kikundi kilichokuja kuitwa Zvandiri, neno la Kishona lenye maana ya “jinsi nilivyo”. Humo kijana wa miaka 18 hadi 24 anayeishi na VVU hufundishwa, kisha hupewa vijana wenzake wa kuwatembelea nyumbani na kuwatumia ujumbe wa simu. Utafiti uliofanyika Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vijana waliokuwa na mwenza wa namna hiyo walifanikiwa zaidi kufubaza virusi kuliko wale waliohudumiwa na kliniki peke yake. Kwa hiyo msaada wa rika unaonekana hadi kwenye kipimo cha damu.

Hapa Tanzania wapo watu wanaoishi na VVU walioungana kwenye konga za halmashauri chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Kipo Chama cha Kisukari. Wapo pia wagonjwa wa selimundu na wazazi wao waliounda jumuiya yao. Wewe uliyeko Mwamkulu uko mbali na Muhimbili, ambako mpango mkubwa wa selimundu ulianza mwaka 2004, kwa zaidi ya kilometa elfu moja, na hata Bugando kule Mwanza si karibu. Basi hapo ndipo simu inapokuwa na kazi.

Ukiingia kwenye kundi la simu

Makundi mengi ya wagonjwa huwa kwenye WhatsApp. Mtu akiwa na simu janja na bando dogo anaweza kuwa na wenzake 100 wenye hali kama yake, kutoka Katavi hadi Pemba. Saa 8 usiku maumivu yakianza, yupo mwingine ambaye naye hajalala. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Lakini kundi ni kama soko: bidhaa nzuri ipo na matapeli wapo.

Njia salama ya kulipata kundi ni kumwuliza nesi wa kliniki yako au chama cha wagonjwa. Usijiunge kwa kubofya tu kiungo kinachozunguka mitaani. Kundi zuri lina kiongozi anayejulikana, lina kanuni, na ni vema likawa na mhudumu wa afya anayepita kusahihisha mambo. Kaa kimya wiki mbili za kwanza usome tu. Utajua haraka kama ni mahali pa kusaidiana au ni mahali pa kuuziana dawa.

Kisha kumbuka namba yako inaonekana na wote waliomo. Unachoandika kinaweza kupigwa skrinishoti na kufika kwa mtu wa kijijini kwako kabla hujaweka simu chini. Kwa hiyo usitaje jina la shule wala mtaa wako, na usitume picha ya cheti chako cha vipimo. Habari za mwenzako nazo ziishie humohumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na kumtangaza mtu si umbea mdogo. Kama simu unayotumia ni ya baba au ya kaka, zima zile taarifa zinazojitokeza juu ya kioo simu ikiwa imefungwa, la sivyo siri yako itasomwa na kila anayeishika.

Ikiwa hujatimiza miaka 18, mtu mzima mmoja unayemwamini ajue kwamba uko kwenye kundi hilo. Si lazima asome unachoandika. Lakini akitokea “mgonjwa mwenzako” anayekutafuta pembeni, anayeomba picha zako, au anayetaka mkutane gesti mjini Mpanda “akupe dawa”, huyo mtu mzima aambiwe siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Dozi haiazimwi

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mwenzio anaweza kukuambia alivyojisikia. Hawezi kukuambia umeze nini na kiasi gani. Ipo dawa iitwayo haidroksiurea ambayo huwapunguzia wengi wenye selimundu vipindi vya maumivu. Kiasi chake hupangwa kwa uzito wa mtu, na damu hupimwa mara kwa mara kuona kama dawa haijashusha chembe nyingine kupita kiasi. Rafiki yako wa kundini mwenye kilo 60 anameza kiasi chake kwa sababu yeye amepimwa. Wewe wa kilo 41 ukimwiga, unacheza na damu yako.

Mfano mwingine ni huu. Mtu anaandika kundini kwamba damu imepungua, na watu kumi wanajibu: meza FEFO. Kila mtu Tanzania anazijua FEFO, maana hugawiwa kwa akina mama wajawazito kliniki. Zina foliki asidi, sawa, lakini zina na madini ya chuma. Damu ya mwenye selimundu hupungua kwa sababu chembe zake hufa mapema, na si lazima awe amepungukiwa chuma. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na chuma kingi mno mwilini, kikamharibu ini na moyo. Kwa hiyo asimeze bila kupimwa. Watu kumi wote walikuwa na nia njema, na wote walikosea.

Halafu kuna ushuhuda. Kumbuka Machi 2011, magari yalivyopanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wewe pengine ulikuwa mtoto mchanga, au hujazaliwa, lakini waulize wakubwa. Habari za kupona zilisafiri kwa simu na midomo kwa kasi ya ajabu. Walioacha ARV au dawa za kisukari kisha wakazidiwa hawakutuma ushuhuda wowote. Hiyo ndiyo kasoro ya ushuhuda: unamsikia aliye hai na mwenye furaha, wengine huwasikii. Mtu akikuambia ana mizizi ya kumaliza selimundu kabisa kwa siku 40, mwulize kwa nini Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilihangaika kuanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kazi ile ni kubwa, ni ghali, na inahitaji mtu wa kumtolea mgonjwa uloto unaooana na wake. Wangekuwa na mizizi, si wangeitumia?

Na zipo dalili ambazo hazijadiliwi kundini hata dakika moja. Homa kali. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Mkono, mguu au mdomo kulegea upande mmoja, au kushindwa kuongea ghafla. Kupauka ghafla na kuishiwa nguvu. Maumivu ambayo dawa ulizopewa za nyumbani hazijayatuliza. Hapo weka simu chini, au itumie kumwita bodaboda. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ikibidi. Kama unataka kuuliza jambo la afya lisilo la dharura, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, namba 199, hakikutozi kitu.

Kundi likipata msiba

Sijaona makala nyingi zinazoligusa jambo hili, lakini vijana huniuliza. Kundi la watu wenye ugonjwa mzito litakuletea siku moja habari kwamba mmoja wenu amefariki. Jana alikutumia kichekesho, leo picha yake ina maua. Utaogopa. Utahesabu miaka yake na kulinganisha na yako.

Uoga huo ni wa kawaida na hauna maana kwamba wewe ndiye unayefuata. Hali zenu hazifanani, matibabu yenu hayafanani. Usikae nao peke yako. Ongea na yule mtu mzima wako, au na mwenzio mmoja wa karibu kundini, kwa kumpigia simu na kusikia sauti, maana maandishi siku hiyo huwa mazito. Unaweza pia kutoka kundini kwa wiki moja, ukawaaga vizuri kwamba umechoka, kisha ukarudi. Mwenye kundi anayekulazimisha ubaki kila siku hajui kazi yake. Lakini ukiona unapoteza usingizi siku nyingi, huli, au unawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa mwingine na una tiba yake. Mwambie nesi au mwalimu wa unasihi bila kusubiri.

Na kama huna simu?

Wengi mnaosoma hapa hamna simu, au ipo kitochi cha mama. Shuleni simu hairuhusiwi, na sikushauri uiingize kwa siri ukafukuzwa kwa ajili ya WhatsApp. Kitochi kinatosha kutuma ujumbe mfupi na kupiga mara moja kwa wiki. TASO ilianza bila hata hicho.

Anza na mtu mmoja. Siku ya kliniki, kwenye benchi la kusubiri, kuna kijana mwingine wa umri wako ambaye naye anatazama chini. Mwulize unasoma wapi. Kama unaona aibu, mwombe nesi awaunganishe, kwa ridhaa ya wote wawili. Mkishajuana, wekeni utaratibu mdogo: mkutane siku za kliniki, mpeane zamu ya kukumbushana tarehe, na kila mmoja awe na daftari. Kwenye daftari hilo andika siku ulizoumwa, ulikuwa unafanya nini kabla (ulipalilia juani? ulinyeshewa? ulisahau maji?), na nini kilisaidia. Baada ya miezi mitatu linganisheni. Utashangaa. Mmoja atagundua kwamba huumwa kila akishinda na miguu kwenye maji baridi ya jaruba, mwingine kwamba huumwa wiki ya mitihani kwa kukesha. Daftari hilo mpeleke nalo daktari. Katika ile nusu saa yenu ataona mambo ambayo asingeweza kuyauliza yote.

Na wewe usiye na ugonjwa wowote, usifunge gazeti. Yupo mwanafunzi anayehitaji mtu wa kumnakilia notisi akiwa amelazwa, wa kumtetea kwa kiranja, wa kumbebea ndoo bila kutangaza. Usimwulize “kwani unaumwa nini” mbele ya watu. Mwulize mkiwa wawili: “Ukizidiwa unataka nifanye nini?” Kisha likumbuke jibu lake.

Zoezi la klabu ya afya

Gawaneni katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kiandike ujumbe mmoja kutoka kwa mvulana wa kidato cha pili mwenye selimundu ambaye amelowesha godoro bwenini kwa mara ya tatu na anataka kuacha shule. Badilishaneni karatasi. Kikundi kinachopokea kijibu kama mwenzake mwenye ugonjwa huohuo, kwa mistari isiyozidi sita. Wakati wa kusoma kwa sauti, wengine waangalie: amecheka au hajacheka? Ametoa habari ya maisha au amejifanya daktari? Amempa njia ya kufika kliniki na ya kuongea na matroni au patroni? Kikundi chenye jibu bora kiliandike tena kwa mwandiko mzuri na kulibandika kwenye mlango wa bweni kwa ndani, pale linapoweza kusomwa usiku.